Mwaka Jiwe Lilipompita Mwesiga

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule nilipompima mdogo wangu kwenye jiwe la Bibi, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba nimemuua. Sijawahi kuyaandika haya. Mama anaijua nusu tu ya habari hii, na Mwesiga mwenyewe, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, husema hakumbuki chochote isipokuwa sindano.

Tulikuwa tukiishi kwa Bibi mzaa baba, katika kata ya Ihanda. Baba alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, Mama alikuwa Bukoba akisomea uuguzi, na mimi na Mwesiga tukawekwa kwa Bibi mpaka Mama atakapomaliza masomo. Nyumba yake ilisimama katikati ya kibanja, migomba na mibuni ikiizunguka pande zote, na nyuma ya jiko ardhi ilianza kupanda kuelekea mlimani. Hapo mwanzo wa mteremko ndipo lilipokuwa jiwe.

Lilikuwa kubwa kuliko jiko letu, la kijivu chenye mabaka ya kutu, na lilisimama wima upande wa nyumba kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Uso wake mmoja ulikuwa na mikunjo midogo midogo, mstari chini ya mstari, iliyopinda kidogo na kurudi. Nilipenda kupitisha vidole humo. Nilidhani kuna mtu aliyeichonga.

Kwetu watu walisema mawe hukua. Walilisema jambo hilo bila kubishana, kama wanavyosema kwamba mgomba huzaa mara moja. Mtu akilima mahali alipolima mwaka jana, jembe likagonga jiwe ambalo halikuwapo, husema, "Limeota hili," kisha hulizunguka na kuendelea. Wengine walisema mawe makubwa yana omusambwa, roho mwenye mahali, na kwamba usipite hapo ukitukana. Bibi alikuwa Mlutheri wa kwaya na hakupenda kusikia habari za misambwa nyumbani kwake. Lakini kuhusu lile jiwe la nyuma ya jiko alikuwa na katazo lake moja, na alilirudia kila alipotuona tukicheza karibu nalo.

"Mtoto hapimwi urefu kwenye jiwe. Jiwe linakua. Ukimpima nalo litashindana naye, na likimpita..."

Hakumalizia hata siku moja. Alikuwa anakata maneno hapo, anainama na kuokota kitu chochote kilichokuwa chini, jani la mgomba au ganda la muhogo, hata kama halikuhitaji kuokotwa.

Ni ukubwani nilipotambua kwamba watoto wenzangu, ambao nao walikuwa na bibi zao na mawe yao, hawakuwahi kusikia katazo hilo. Wao walikatazwa kupiga mluzi, walikatazwa kukaa kwenye kinu. Katazo la kupimwa kwenye jiwe lilikuwa la nyumbani kwetu peke yake.

Basi shuleni mwalimu wa hisabati akatufundisha sentimita, akatuambia tupime vitu vya nyumbani. Nilipima kila kitu. Nilipima meza, nikampima mbuzi, nikapima mlango. Nilipotaka kumpima Mwesiga, ukuta ulikuwa umetoka kupakwa chokaa na Bibi alikuwa amesema atakayeugusa atalala nje. Jumamosi moja mwanzoni mwa mvua za vuli, Bibi akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilimshika mdogo wangu mkono nikampeleka nyuma ya jiko. Alikuwa na miaka mitatu. Nilimsimamisha akigusa jiwe kwa mgongo, nikaokota kipande cha jiwe jeupe, yale yanayong'aa ambayo yametapakaa kwenye vilima vyetu vyote, nikakwaruza mstari juu ya kichwa chake. Nilikwaruza kwa nguvu mpaka ukabaki mfereji mwembamba mweupe.

"Dada, mimi mkubwa?" aliniuliza.

"Mkubwa sana. Usimwambie Bibi."

Mwaka huohuo Baba Mdogo Ishengoma, mdogo wake baba, alikuwa amefyeka majani yote juu ya jiwe akapanda maharage. Kisha akarudi Kyerwa, ambako alichimba madini ya bati kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Mvua zilinyesha vizuri, za vuli na za masika. Maji yalishuka kutoka kwenye shamba lile jipya, yakipiga mgongo wa jiwe na kupita pembeni mwake kama uji. Nami nikasahau alama yangu.

Niliikumbuka mwezi wa tano, mvua zilipokatika. Nilitaka kuona Mwesiga amekua kiasi gani. Nilimpeleka palepale nikamsimamisha. Mstari ulikuwa juu ya kichwa chake. Niliweka vidole kati ya nywele zake na mstari, viliingia vitatu.

"Simama vizuri," nikamwambia.

"Nimesimama, Dada."

"Nyoosha shingo."

Alinyoosha shingo mpaka macho yakamtoka. Mstari ukabaki juu. Kaptula yake ya mwaka jana ilikuwa imepanda juu ya magoti, kwa hiyo nilijua amekua. Lakini jiwe lilikuwa limekua zaidi. Lilikuwa limempita.

Nilimrudisha nyumbani nikiwa nimemshika kwa nguvu kiasi kwamba alianza kulia. Usiku ule na siku zilizofuata nilimchunga kama yai. Nilimpa nusu ya ndizi zangu. Nilikataa asibebwe na watoto wengine. Bibi akanisifu kwamba nimepata akili, na sifa ile ilinichoma kuliko fimbo.

Wiki ya pili Mwesiga akapata homa.

Asubuhi alikataa uji. Saa nne alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, na alipoitwa alifungua macho bila kumtazama mtu. Bibi alikuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi za mchana, akisubiri dawa aliyompa ifanye kazi. Nilisimama mbele yake. Sikuwa nimepanga kusema. Maneno yalitoka yenyewe.

"Bibi, nilimpima kwenye jiwe. Na limempita."

Kisu kilisimama kwenye ganda. Hakunipiga. Hakuniuliza kwa nini. Aliniangalia kwa muda mrefu, na uso ambao niliuona pale sikuwa nimewahi kuuona kwake. Ulikuwa uso wa msichana aliyeogopa. Kisha akaiweka ndizi chini, akaingia ndani, akamfunga Mwesiga mgongoni kwa kanga mbili, akaniambia, "Kimbia barabarani ukaite bodaboda."

Tulipanda wote watatu nyuma ya dereva, mimi nikiwa mwisho. Njiani Bibi aliimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini, akirudia ubeti mmoja tu. Kwenye zahanati walimtoboa kidole, wakasema ni malaria na kwamba imempanda, wakamwekea dripu. Muuguzi alimwambia Bibi, "Mmemwahisha, mama. Mngengoja jioni ingekuwa habari nyingine."

Bibi alikaa kando ya kitanda siku mbili na usiku wake bila kuegemea ukuta. Mimi nililala kwa jirani. Kila nilipokwenda na chakula nilimkuta amekaa vilevile, mkono wake umewekwa juu ya utosi wa Mwesiga, kama mtu anayezuia kitu kisimwangukie.

Siku ya tatu Mwesiga aliomba ndizi mbivu. Siku ya nne tukarudi nyumbani, na jioni ile, jua likiwa bado juu ya kilima, Baba Mdogo Ishengoma akafika kutoka Kyerwa. Jirani alikuwa amempigia simu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vumbi la machimbo kwenye mikunjo ya mikono ambalo halikutoka hata kwa sabuni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama, akauliza, "Mbona wewe ndiye unayeonekana mgonjwa?"

Nikamweleza. Nilimweleza alama, vidole vitatu, kila kitu, nikilia. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu yetu na hakunyanyua kichwa.

Nimewajua watu wengi wenye elimu kuliko Baba Mdogo, na wengi wao wangecheka. Yeye aliishia darasa la saba, na hakucheka. Alichukua jembe nyuma ya mlango akasema, "Haya, twendeni tukalione. Mama, njoo nawe."

"Mimi nitakwenda kufanya nini?"

"Njoo tu, Mama."

Alipiga magoti mbele ya jiwe, akautafuta mstari wangu, akaupata. Kisha akakwangua majani kwa jembe, akashusha mkono mpaka chini kabisa, pale jiwe linapokutana na ardhi.

"Njoo uone hapa," akaniambia. "Huku juu jiwe lina ukoga, mabaka meupe na ya kijani. Ukoga unachukua miaka kuota. Huku chini, upana wa kiganja changu, hakuna kitu. Jiwe ni safi na lina rangi ya udongo. Kwa nini?"

Niligusa pale alipoonyesha.

"Kwa sababu hapa palikuwa pamezikwa mpaka juzi. Jiwe halikupanda. Udongo ndio ulioondoka."

Bibi alisema kutoka nyuma yetu, "Ishengoma, usimdanganye mtoto."

Hakubishana naye. Alisogea kwenye mbuni uliokuwa hatua mbili kutoka pale, akaonyesha mizizi yake. Ilikuwa nje, imesimama hewani kama miguu ya kuku. "Mama, mbuni huu uliupanda wewe. Uliupanda hivi, miguu nje?"

"Hapana."

"Na zile nguzo za banda la mbuzi kule chini nilizisimika mimi. Zilinifika kiunoni. Sasa zinanifika magotini. Nguzo zimekuwa fupi?"

Bibi aligeuka kutazama chini, kwenye banda. Nami nikatazama. Ilikuwa kweli, na tulikuwa tumepita hapo kila siku.

"Udongo wa hapa uko kule," alisema Baba Mdogo. "Na kosa ni langu. Nimefyeka majani huko juu, maji hayana wa kuyashika. Yanashuka yanakula chini ya jiwe. Mtoto amekua vidole viwili, ardhi imeshuka vitano. Ndiyo maana mstari umempita. Wala si ugomvi wake na jiwe."

Nilihisi kama mtu aliyekuwa amenikalia kifuani ameinuka. Nilikaa chini kwenye majani, nikacheka na kulia pamoja. Lakini Bibi alikuwa bado amesimama.

"Baba yenu, Ishengoma, naye alifyeka palepale. Mwaka tulipohamia hapa."

Alizunguka hadi upande mwingine wa jiwe, ule usio na mikunjo, tukamfuata. Alipitisha kiganja juu ya ukoga, taratibu, kama anayemwamsha mtu. Chini ya ukoga palikuwa na mkato wa zamani, mfupi, uliopigwa kwa ncha ya panga. Ulikuwa kwenye usawa wa kifua cha Baba Mdogo.

"Hii ni ya Kaijage," alisema.

Baba Mdogo alimtazama mama yake. Hakuwa amewahi kusikia jina hilo. Hata baba yangu, nilikuja kujua baadaye, alilisikia kwa mara ya kwanza siku ile kwa simu.

Kaijage alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi. Alikuwa na miaka mitatu Bibi alipompima pale, kwa furaha tu, kwa sababu alikuwa mama kijana na mtoto wake alikuwa mzuri. Mwaka uliofuata alimsimamisha tena na alama ikawa juu ya kichwa chake. Kabla ya mavuno ya kahawa akapata homa. Barabara haikuwapo, zahanati haikuwapo. Babu alimzika kwenye kibanja, akamwambia mkewe asiongee tena habari za jiwe, watu watasema ameloga mwanawe. Bibi akanyamaza. Alizaa watoto wengine, akawalea, akaimba kwaya, akanyamaza.

"Nilisema nimempa jiwe mwanangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeeleza mahali chumvi ilipo. "Nilisema nimemshindanisha na kitu kisichokufa."

Baba Mdogo akaushika mkono wa mama yake, akaukunjua, akauweka chini ya ukingo wa jiwe mahali lilipokuwa limepasuka. Kwa ukucha wa dole gumba akasugua ule ukingo. Chembechembe zikadondoka kwenye kiganja cha Bibi.

"Hiki ni nini, Mama?"

Bibi alizisugua kwa vidole. "Mchanga."

"Ndiyo. Alikuja mtaalamu wa miamba kule machimboni akatueleza. Jiwe kama hili lilikuwa mchanga, chini ya maji, kabla hajawapo mtu hata mmoja. Mchanga ukalaliwa na mchanga mwingine, ukakandamizwa, ukapata moto wa chini, ukashikana. Ile mikunjo ya upande wa pili ni mawimbi. Maji yalipita pale yakaacha nyayo zake. Sasa jua linalipiga, mvua inalipiga, linarudi kuwa mchanga tena. Halikui, Mama. Kila mwaka linapungua kidogo."

"Nani alikuwapo akayaona hayo?"

"Ruhanga Muumba peke yake. Lakini mchanga uko mkononi mwako."

Bibi aliutazama mchanga ule. Ulikuwa kidogo sana, usingetosha hata kuchafua sahani. Nilitegemea atatabasamu. Nilikuwa mtoto, nilidhani mtu akiondolewa kosa hufurahi papo hapo kama mimi.

"Kwa hiyo halikumpita," alisema.

"Halikumpita."

"Mimi nilikuwa nakuja kumtazama." Aligusa tena ule mkato. "Alama yake ilikuwa inapanda. Kila mwaka inapanda. Nikasema, basi hata kama jiwe limemchukua, linamkuza. Alinifika kiunoni. Alinifika hapa. Nilikuwa nakuja kuona amefika wapi."

Mwesiga alikuwa ameamka na kutuita kutoka jikoni, sauti yake ikiwa bado nyembamba ya mgonjwa.

"Kumbe yeye amebaki palepale," alisema Bibi. "Sisi ndio tulioshuka."

Akaukunja mkono wenye mchanga, akageuka kwenda kumwitikia mtoto. Baba Mdogo alibaki ameegemea jiwe, kaka yake ambaye hakuwahi kumjua akiwa kwenye usawa wa kifua chake, na ndiyo mara pekee niliyomwona akilia.

Wiki ile hakurudi Kyerwa. Alichimba makinga maji matatu juu ya jiwe, akang'oa maharage yake kabla hayajakomaa vizuri, akapanda majani ya tembo yashike ardhi. Bibi alimsaidia. Aliyapanda majani yale kwa bidii iliyonishangaza, akishindilia kila shina kwa kisigino. Jumapili iliyofuata alimwomba mchungaji aje kuombea kaburi ambalo sisi wajukuu wala baba zetu hatukujua lipo, kati ya migomba miwili, na kuanzia siku ile jina la Kaijage likawa linatajwa kwenye sala ya jioni pamoja na majina yetu. Mwesiga alipimwa kila Krismasi kwenye fremu ya mlango. Aliyempima ni Bibi mwenyewe.

Bibi alifariki nikiwa chuoni. Nilikuwa nasomea ualimu wa jiografia, na sina haja ya kueleza kwa nini. Mwaka wa kwanza walitupeleka ziwani Bukoba kujifunza pwani za maziwa, na pale kwenye maji mafupi niliona chini mchanga umejikunja, mstari baada ya mstari, umepinda kidogo na kurudi. Nilipiga magoti majini na viatu vyangu. Wenzangu walidhani nimedondosha kitu.

Sasa nafundisha sekondari hapa Nyaishozi. Nafundisha miamba ya moto, miamba ya mashapo na miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, na wanafunzi wangu wanafaulu. Lakini kuna jambo moja ambalo lilinichukua miaka kulifahamu. Bibi hakukosea kuona. Alipima, akarudi, akapima tena, na alama ilikuwa kweli imepanda. Alikuwa makini kuliko sisi wote tuliopita mbele ya nguzo zile kila siku. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza ameona nini. Aliambiwa anyamaze, na ndani ya kimya kile akabeba kifo cha mtoto wake kama kosa lake, maisha yake karibu yote, kwa jambo ambalo jembe moja na robo saa ya uvumilivu vingeweza kulifungua.

Muhula uliopita, katika kidato cha kwanza, msichana mmoja kutoka Kibingo alinyoosha mkono akasema kwao mawe hukua, na bibi yake amemkataza asiyakalie. Darasa zima likacheka. Yeye akainamisha kichwa na kuanza kufunga daftari.

Niliwaambia wenzake wanyamaze. Nikaacha ubao, nikavuta kiti nikakaa karibu na dawati lake.

"Usifunge," nikamwambia. "Nieleze vizuri. Bibi yako aliona nini?"